Mzaha mzaha: riwaya mpya za kuchekesha na kidonda kilicho chini yake

Mwaka 2018 waamuzi wa Bollinger Everyman Wodehouse, tuzo ya Uingereza inayotolewa tangu 2000 kwa riwaya ya kuchekesha, walisoma vitabu 62 kisha wakatangaza kwamba hakuna mshindi. Vitabu kadhaa viliwatia tabasamu, walieleza, ila hakuna hata kimoja kilichowafanya wacheke wote kwa pamoja kama walivyozoea. Kwa kawaida mshindi wa tuzo hii, mbali na mvinyo anaozawadiwa, hupata heshima ya nguruwe kupewa jina la kitabu chake. Mwaka ule hata nguruwe alikosa jina.

Nakipenda kisa hiki. Riwaya ya huzuni unaweza kuisifu kwa adabu tu: unatikisa kichwa, unasema "ina uzito", mambo yanakwisha. Kicheko hakijui adabu hiyo. Ukiwa peke yako na kitabu hakuna wa kumridhisha. Ama mbavu zinatikisika ama hazitikisiki. Ndiyo maana kumpendekezea mtu riwaya ya kuchekesha ni kujiweka rehani. Akirudi na uso mkavu, aibu haimwendei mwandishi peke yake.

Basi najiweka rehani kwa vitabu saba. Vyote vimetoka kati ya 2022 na 2025, vyote vinahusu watu wa zama zetu, na vyote vinazungukazunguka urafiki, familia na mapenzi. Kimoja nina ugomvi nacho. Nitakifikia.

Kwanza niseme neno kuhusu majalada. Rangi za peremende, maandishi yaliyochorwa kama kwa mkono, na nyuma sentensi ile ile: utacheka hadi utokwe na machozi. Jalada la namna hiyo linamwahidi msomaji mapumziko, na ahadi hiyo imezaa ombi ambalo nimelisikia mara nyingi: "Nitafutie kitu cha kuvunja mbavu, ila kisiwe na mambo mazito." Ombi hilo lina nusu mbili zinazopigana. Riwaya isiyo na jambo zito chini yake huchekesha kurasa thelathini, kisha vichekesho vinaanza kufanana, kama mgeni mcheshi ambaye wenyeji wamekwisha kupiga miayo naye bado anasimulia.

Wahenga walituambia mzaha mzaha hutumbua usaha. Walikuwa wanaonya: unaanza kwa masihara, unamalizia kwa jeraha. Lakini hebu uutazame msemo wenyewe kwa makini. Usaha hauletwi na mzaha. Ulikuwepo tangu awali, umejificha chini ya ngozi, na mwenye nao alikuwa akitembea kwa kuchechemea huku akisema haumwi. Waandishi ninaowataja hapa wanausoma msemo huo kwa kuugeuza. Kwao mzaha ndiyo sindano. Nami hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Mhusika anapofanya mzaha, najiuliza anakwepa nini. Kama hakuna anachokwepa, basi mzaha ule ni wa mwandishi, umebandikwa tu, na ungeweza kuuhamishia kinywani mwa mhusika mwingine yeyote na kitu kisiharibike.

Aliyekipita kipimo hiki kwa raha kuliko wote ni Anne Tyler, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa 1941 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1989. Riwaya yake Three Days in June ilitoka 2025 ikiwa na kurasa zisizofika mia mbili. Msimulizi ni Gail Baines, mwanamke wa miaka 61, naibu wa mkuu wa shule moja huko Baltimore. Siku moja kabla ya harusi ya binti yake anaambiwa kazini kwamba nafasi ya ukuu aliyoitarajia inakwenda kwa mtu mwingine, kwa kuwa yeye hana kipaji cha kuishi na watu. Anaondoka. Anafika nyumbani, mlangoni anatokea Max, aliyekuwa mumewe, na paka ambaye hakuna aliyemwalika. Max alitarajia kufikia kwa binti yao, lakini bwana harusi ana mzio wa paka. Hapo hapo Gail anajua kwamba mama wa bwana harusi amewaandalia watu siku ya kujiremba kabla ya sherehe, na yeye, mama wa bibi harusi, hakukumbukwa.

Ukikisimulia hivyo, unaona vichekesho vya kawaida vya harusi, vya aina tuliyoiona mara elfu. Kinachokitofautisha kitabu ni sauti. Gail hajui kwamba anachekesha. Ameambiwa hana ulimi wa kubembeleza watu, amekasirika, na anatusimulia hasira yake kwa sentensi ambazo kila moja inamthibitisha bosi wake kuwa alisema kweli. Anamkosoa huyu kwa anavyovaa, yule kwa anavyoongea, paka kwa kuwa paka. Tunacheka tukiwa upande wake, na huo ndio ufundi wenyewe, maana kwa haki ilitupasa tuwe upande wa wote anaowaudhi.

Halafu usaha. Kuna habari kuhusu bwana harusi ambayo binti anairudisha nyumbani jioni ile, na habari hiyo inawagusa Gail na Max mahali ambapo hawajapagusa kwa miaka mingi. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba ukali wote ule wa Gail, uliokuwa ukituchekesha, unageuka kuwa maelezo ya kwa nini ndoa yake ilivunjika, na Tyler hahitaji kubadilisha sauti wala kuongeza maneno ili jambo hilo litokee. Paka yupo hadi mwisho. Hafanyi lolote la maana, na kila anapopita chumbani Gail na Max wanapata kitu cha kuzungumzia badala ya kile wanachopaswa kuzungumza. Nimewaona watu wenye watoto wakiwatumia watoto wao hivyo.

Kwenye mapenzi nataka kuviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu, kwa kuwa vinafanya kazi moja kwa njia zinazopingana.

Good Material ya Dolly Alderton ilitoka Uingereza mwishoni mwa 2023. Andy ni mchekeshaji wa jukwaani, ana miaka 35, kazi yake haipandi wala haishuki, nywele zinaanza kumkimbia, na Jen amemwacha baada ya karibu miaka minne. Kitabu kinafunguliwa kwa orodha ya sababu kwa nini ni heri hayuko tena na Jen, orodha ya mtu ambaye angekimbia pekupeku akiitwa arudi. Analala kwenye mashua, anahamia chumba cha kupanga kwa mzee mwenye nadharia zake kuhusu kila serikali duniani, anawachosha marafiki kwa swali moja: kwa nini? Marafiki zake wa kiume wanampenda kweli, ila hawajui la kumwambia, hivyo wanampeleka kunywa. Sehemu hizo ndizo bora kuliko zote kwangu. Alderton ameona jambo ambalo riwaya nyingi za mapenzi hulikwepa: mwanamume anayeachwa mara nyingi hugundua kwamba aliyekuwa akizungumza naye mambo ya moyoni ni huyo huyo aliyemwacha.

Karibu na mwisho kalamu inahamia kwa Jen. Yeye hana haja ya kumpinga Andy. Anasimulia tu siku zile zile kutoka alipokuwa amesimama, na vichekesho tulivyovicheka kurasa mia mbili zilizopita vinapata uso mwingine. Nilirudi nyuma kuangalia mambo mawili matatu niliyoyaona kuwa ni visa vya kuchekesha vya Andy. Vilikuwa ni nyakati ambazo Jen alikuwa akisema kitu na hakusikilizwa. Kumbe nami sikumsikiliza.

David Nicholls katika You Are Here, ya 2024, hatuwekei mtego huo. Anatugawia macho mawili tangu mwanzo, sura ya huyu kisha sura ya yule. Michael ni mwalimu wa jiografia ambaye mke wake ameondoka. Marnie anahariri miswada ya watu nyumbani kwake London na amezoea upweke kiasi cha kuuona kuwa ni tabia yake. Rafiki yao wa pamoja, Cleo, anawatoa wote matembezini kwenye njia ya miguu inayokata kaskazini mwa Uingereza kutoka St Bees, pwani ya magharibi, hadi Robin Hood's Bay, pwani ya mashariki, takriban kilomita 300. Njia hiyo ipo kweli. Ilibuniwa na Alfred Wainwright aliyeichapishia kitabu cha mwongozo mwaka 1973. Mwanamume mtanashati aliyeletwa kwa ajili ya Marnie anakimbia mvua mapema. Wengine nao wanapungua. Wanabaki wawili ambao hakuna aliyekuwa na mpango nao.

Kwa kuwa tunawasikia wote, tunajua anachofikiri Michael wakati Marnie anadhani ananuna, na tunajua Marnie anachekesha kwa sababu anaogopa kimya. Kicheko kinatoka kwenye pengo kati ya sura mbili. Ni kazi ya saa, kila meno ya gurudumu yanajua pa kukamata. Kama nina la kulalamika ni hilo: Nicholls ni fundi mno, na mara moja moja nilisikia saa yenyewe ikigonga. Lakini nilipofika mahali ambapo Marnie anaacha kuchekesha, kwa makusudi, ili aseme jambo moja bila mzaha, nililisamehe lote.

The Wedding People ya Alison Espach, ya 2024, inastahili maneno machache tu, kwa sababu nusu ya utamu wake ni kutokujua. Phoebe anafika kwenye hoteli ya fahari huko Newport, Rhode Island, bila mzigo, akiwa na nia ya kuyakatisha maisha yake. Hoteli nzima imekodiwa kwa harusi. Bibi harusi anapogundua nia ya mgeni huyu, anachukizwa: wiki hii imepangwa kwa muda mrefu mno kuharibiwa na kifo cha mtu asiyemjua. Ndiyo, hicho ni kichekesho, na ndiyo, kinachekesha. Kama mada hiyo iko karibu na wewe kwa sasa, kiache kwanza, kitabu kitakusubiri. Kwa wengine, tazameni jinsi mtu asiye na cha kupoteza anavyokuwa mtu pekee kwenye harusi anayesema ukweli, na jinsi kila mmoja, kuanzia bibi harusi mwenyewe, anavyoanza kumtafuta pembeni ili amwambie yake.

Kuna jambo hapa ambalo Kiswahili hunisaidia kuliona. Tuna utani, masihara, dhihaka, kejeli, stihizai, na kila neno lina uhusiano wake ndani yake. Kejeli hutoka juu kwenda chini. Masihara ni ya mtu asiyetaka kushikwa kwa alichosema. Utani ni wa wawili wanaopeana ruhusa. Andy wa Alderton ni mtu wa masihara, na ndiyo maana Jen alichoka. Marnie anajidhihaki mwenyewe kabla hajadhihakiwa. Gail hana lolote kati ya haya. Ni mkweli tu, na ukweli wake hauna breki. Nikisoma riwaya ya kuchekesha na nikashindwa kusema ni neno lipi linalomfaa mhusika, huwa naanza kushuku kwamba mwandishi naye hajui.

Utani hasa, ule wa kupeana ruhusa, niliupata kwenye kitabu cha urafiki. Na niseme wazi kwamba urafiki ndio mgumu kuliko yote kuuandika. Mapenzi yana harusi na talaka. Familia ina kuzaliwa, kurithi na kugombana. Mwandishi akikwama, kuna tukio la kumwokoa. Urafiki hauna cheti wala hauna hakimu. Marafiki wawili wanaweza kuachana na hakuna hata mmoja anayejua tarehe. Ndiyo maana riwaya nyingi humweka rafiki pembeni, awe mtu wa kupigiwa simu na mhusika mkuu ili tujue mhusika mkuu anafikiri nini.

Catherine Newman katika We All Want Impossible Things, ya 2022, amemtoa rafiki pembeni na kumlaza kitandani katikati ya kitabu. Edi anakufa kwa saratani. Amehamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wasio na tiba tena, karibu na anakoishi Ash, rafiki yake wa zaidi ya miaka arobaini, na Ash ndiye anayesimulia. Chumba cha jirani kinapiga nyimbo za filamu ile ile siku nenda siku rudi. Edi ana hamu ya keki ya limau aliyoila miaka mingi iliyopita, na Ash anaingia kwenye msako wa keki hiyo kama mpelelezi, kwa sababu keki ndiyo kitu pekee ambacho bado kinaweza kupatikana.

Ash si malaika. Wakati rafiki yake anazimika, yeye anajitupa kwenye mapenzi ya hapa na pale kwa namna ambayo ukiisoma unaziba uso kwa kiganja. Mwandishi dhaifu angemwombea msamaha. Newman anamwacha alivyo. Na mazungumzo ya wale wawili, hata Edi akiwa na nguvu ya maneno machache tu, ni utani mtupu, ule unaotaniana na mtu anayekujua tangu ukiwa na meno ya utotoni, ambaye huwezi kumdanganya kwa sababu alikuwepo. Hapa mzaha haukwepi kifo. Nadhani ndicho kitabu pekee kati ya hivi saba kinachokipasua kipimo changu: Edi na Ash hawafichi usaha wowote, uko wazi juu ya shuka, wauguzi wanaufuta. Wanacheka kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakizungumza siku zote, na kubadilisha lugha sasa kungekuwa kuagana kabla ya wakati.

Sasa ugomvi niliouahidi. Fredrik Backman, Msweden aliyejulikana duniani kwa kisa cha mzee mnung'unikaji cha 2012, ametoa My Friends, iliyofika kwa Kiingereza 2025 kwa tafsiri ya Neil Smith. Louisa, msichana anayekaribia miaka 18 ambaye hana kwao, anapenda mchoro mmoja maarufu ambao watu wengi huuona kuwa ni bahari tu. Yeye ameona watoto watatu wadogo kwenye pembe, ukingoni mwa gati. Safari yake ya kujua watoto hao ni nani inaturudisha miaka 25 nyuma kwa vijana wanne, watatu hao na mchoraji mwenyewe, waliookoana majira yale ya joto. Wale vijana wanatukanana kwa upendo mkubwa na sura zao nilizisoma nikicheka kwa sauti. Lakini Backman hawezi kupita karibu na methali bila kuiokota. Kila baada ya kurasa mbili anasimama kutufafanulia urafiki ni nini, ujana ni nini, sanaa ni nini, wakati watoto wale wamekwisha kutuonyesha kwa kusukumana majini. Ningekipunguza robo. Hata hivyo nakipendekeza, hasa kwa kijana, kwa kuwa Louisa ana hasira ya kweli, na hasira yake inachekesha bila kufanywa kichekesho.

Kevin Wilson, kwa upande wake, hasemi hata nusu ya anachojua. Run for the Hills, ya 2025, inaanza na Madeline, mfugaji wa kuku huko Tennessee, akitembelewa na mwanamume mwenye gari la kukodi anayemwambia: mimi ni kaka yako. Baba yao mmoja aliiacha familia ya kwanza, akaanzisha ya pili akiwa mtu mwingine kabisa, na baadaye akaendelea na ya tatu na ya nne. Kwa huyu alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi, kwa yule mkulima, kwa mwingine kocha wa mpira wa kikapu. Watoto wanaokotana njiani kumfuata. Mzaha mkuu ni huu: kila mmoja anamsimulia baba yake, na hakuna anayemtambua baba wa mwenzake. Ni kitabu chepesi kuliko mada yake, na mwisho wake ulinipita upesi kidogo, lakini gari lile lililojaa ndugu wasiojuana nisingekubali kushuka.

Pa kuanzia? Mwenye mwisho wa juma mmoja tu aanze na Tyler. Aliyeachwa juzi asimguse Alderton mpaka aweze kumtaja aliyemwacha kwa jina. Kiingereza chako kikiwa cha kuchechemea, Nicholls ana rehema, kwani vichekesho vyake vinakaa kwenye hali ya mambo kuliko kwenye michezo ya maneno. Newman hana rehema hiyo, na usimsome ukiwa kwenye basi.

Rafiki yangu mmoja, kati ya wale walioniomba kitu kisicho na mambo mazito, nilimpa Newman bila kumwambia kinahusu nini. Siku ya tatu, saa tano usiku, alinitumia ujumbe: "Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa bado natafuta maneno ya kujitetea ulipoingia wa pili, akiuliza kama mwandishi huyo ana vingine. Nikamwandikia kwamba baada ya hicho vimefuata viwili, Sandwich wa 2024 na Wreck wa 2025, vya familia moja. Akataka kujua kama humo pia kuna mtu anakufa. Nikazima simu nikalala.